Kamyo Iliyopukuchuliwa Kama Maharagwe

Ninyi vijana mtakaosoma maneno haya, wekeni simu chini kwanza. Sitasema mengi, na sitasema mara mbili. Mliniuliza ni nani aliyenifundisha kuunga magari ya plastiki, mkacheka kabla sijajibu. Basi nimechukua daftari na kalamu. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo anayetafuta makosa humu atayapata. Anayetafuta habari naye ataipata.

Mnajua ilivyoanza. Nilikuwa sokoni, pale wanapomwaga vitu vilivyokwisha kutumika Ulaya: viatu vya mguu mmoja, sufuria, wanasesere wasio na macho. Katikati ya lundo nikaona boksi bapa, juu yake picha ya gari jekundu. Nikalitikisa. Likalia ndani kama kopo lenye mahindi makavu. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Akaniambia:

"Mama, acha ile. Ile ilisha kuvunjika."

"Ilivunjika namna gani?"

"Sijui, Mama. Njo vile ilitoka Ulaya. Angalia ndani, yote vipande-vipande. Hata gurudumu moya haiko mahali yake."

"Nipe."

"Mama iko na bajukulu? Chukua basi hii sungura, iko muzima, inapiga na ngoma."

"Weye kijana, nimesema nipe yenye kuvunjika."

Alinifungia huku akitikisa kichwa, akimwonea huruma bibi kizee. Mengine mliyaona wenyewe. Kwa siku nane nilikaa kwenye meza ya kulia, mkawa mnakula bukari, ugali wetu, mmepakata sahani kwenye magoti, na hakuna aliyethubutu kulalamika. Siku ya tisa gari jekundu lilisimama juu ya kabati, na milango yake inafunguka. Mkanizunguka mimi bibi yenu: "Koko, nani alikufundisha?" Sasa sikilizeni.

Nilikulia Panda, mtaa wa Likasi, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Nyumba zilikuwa za matofali, zote sura moja, mlango mmoja, dirisha moja, hata baba mmoja wa mtaa wetu aliwahi kuingia nyumba si yake, akavua viatu, akadai chakula, na mwenye nyumba akampa kwanza ndipo akamweleza. Saa hatukuwa nayo. Siren ya kazi ndiyo ilikuwa saa: ikilia asubuhi wanaume wanapita na makopo yao ya chakula, ikilia alasiri wanawake wanaweka sufuria ya maji ya bukari kwenye mbabula. Kila mlango ulikuwa na mbabula yake, jiko la makaa, nje, na mtaa mzima ulinuka moshi, sombe, yaani kisamvu, yenye karanga, na samaki mkavu.

Samaki mkavu alikuwa wa kwetu. Nkambo wangu, mama wa baba, alikuwa mfanyabiashara. Alipanda juu ya kamyo, lori la mizigo, mpaka ziwa la Tshangalele, akanunua samaki kwa wavuvi, akarudi amekaa juu ya vikapu vyake kama mkubwa wa serikali. Baba alikuwa kwenye karakana za kampuni, mama alikuwa na watoto wadogo wa kubeba, mimi mkubwa nilikuwa wa Nkambo. Nilifagia, nilichota maji bombani, niligeuza samaki juani. Zaidi ya yote nilichambua maharagwe. Nkambo hakutaka kuona jiwe wala ganda katika maharagwe yake. Nilikaa barazani na ungo, napukuchua, natupa maganda kwenye moto, napanga punje, mbovu huku, nzima huku. Nilikuwa na vidole vyepesi kuliko watoto wote wa mtaa, na nilijua hivyo, nikajisifu.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mchoraji wa plani katika ofisi ya karakana. Alizaliwa Kasai, alikuja kwa ajili ya kazi, mke wake alikuwa amefariki, watoto hakupata. Shati lake lilikuwa jeupe hata siku ya vumbi. Mzungu mmoja aliyekuwa mkubwa wake, alipofunga mizigo kurudi kwao, alimwachia katoni ya maboksi yenye magari ya plastiki ya kuunga. Wengine waliachiwa baiskeli, wengine kitanda. Yeye aliachiwa katoni hiyo, na akaona amepata kuliko wote.

Kila Jumamosi baada ya siren, na kila Jumapili baada ya misa, alitoa meza barazani. Alitandaza gazeti. Aliweka kioo cha mkono cha kukuzia, wembe, koleo ndogo ya kung'olea nyusi, sindano, vibanio vya nguo, na tyubu ya gundi iliyonuka mpaka kwetu. Halafu alikaa, akainamisha kichwa, na mtu mzima yule akawa anaunga gari la urefu wa kiganja.

Watu walimcheka, ndiyo. Hasa dereva wa kamyo aliyekaa nyumba ya tatu, mtu mwenye tumbo na sauti.

"Papa, hiyo gari yako inakunywa essence kama kamyo yangu ama inanyonya maziwa?"

"Inanyonya bado," jirani alijibu bila kuinua macho. "Ikiacha kunyonya, nitakupeleka Kamatanda."

"Mie nitakaa wapi ndani? Hii tumbo?"

"Tumbo tutaifunga juu, na kamba."

Na mtaa mzima ulicheka. Hakukasirika kamwe, na ndiyo maana walirudi kila wiki kumchokoza.

Mimi nilianza kwa kutumwa. Nkambo alinipa samaki wawili nimpelekee, kwa sababu mwanaume asiye na mke, alisema, hula mkate tu mpaka anakuwa kama kijiti. Nikafika, nikaweka sahani, sikuondoka. Nilisimama nikaangalia. Aliniacha nisimame mpaka miguu ikaniuma, kisha akanisogezea bakuli la maji ya sabuni, mswaki mzee, na kikombe chenye vipande vitano.

"Hivi bintu binatoka Ulaya na mafuta ya mashine," akasema. "Rangi haishike kwenye mafuta. Osha. Doucement, pole pole. Kama unaosha meno ya mutoto."

Nikaosha. Akavishika kwenye mwanga, kimoja kimoja. Akasema tu, "Kuya Jumamosi."

Nilikwenda Jumamosi ile, na nyingine, kwa muda wa mwaka mzima. Sijui niwaelezeje furaha ile. Alinifundisha kuchukua tone la gundi kwa ncha ya sindano, si zaidi, kwa sababu gundi ikizidi inakula plastiki. Alinifundisha kushika kioo cha gari kwa kingo zake, maana kidole chenye gundi kikigusa kioo, alama haitoki mpaka kiyama. Kulikuwa na picha ndogo za namba na mistari, zinalowekwa kwenye maji ya vuguvugu, zinateleza kutoka kwenye karatasi zake na kukaa mlangoni, na mimi nilizuia pumzi mpaka zikae. Alipotaka waya mwembamba wa antena alishika kipande cha plastiki juu ya mshumaa, kikalainika, akakivuta taratibu kikawa uzi kama unywele. Nilidhani ni uchawi. Aliniambia nifumbe mdomo, nzi wataingia.

Kazi moja tu hakunipa. Kukata alikata mwenyewe. Mimi nilipofika, nikimaliza samaki na maji, alikuwa tayari ameshakata vipande vyake vya siku ile, akavitia kikombeni. Sikuwahi kujiuliza vilikatwa kutoka wapi. Kumbukeni hilo.

Nkambo hakupenda. Aliona ni kazi bila faida. Lakini jirani alikuwa mtu wa heshima, na baraza lake lilikuwa mbele ya macho ya mtaa wote, kwa hiyo aliniruhusu, na sharti.

"Siku nitasikia yule Papa analalamika juu yako, hata neno moya, hautatia muguu kwake tena. Umesikia?"

"Nimesikia, Nkambo."

"Sema tena."

"Nimesikia."

Katoni ikaisha pole pole mpaka likabaki boksi moja. Lilikuwa kamyo. Sanduku lake lilikuwa kubwa kuliko mengine, na picha ya kamyo ile ilifanana kabisa na zile zilizopita barabara ya Tshangalele. Jirani akaniambia: "Hii ya mwisho tutaunga wawili. Weye utashika sindano. Mie nitasoma plani." Siku hiyo nilirudi nyumbani nikafagia hata uwanja wa watu wengine.

Kisha mvua zikaanza, na bati la jirani likavuja. Akaja kwetu na boksi limefunikwa shati, akamwomba Nkambo alihifadhi mpaka mafundi watengeneze paa. Likawekwa juu ya kabati, karibu na chumvi. Jumamosi ya paa kutengenezwa, yeye alikuwa juu ya ngazi anawapitishia mafundi misumari. Nikawaza, mjinga mimi: nitamshangaza. Atakaposhuka, atakuta kazi ya kuosha imekwisha.

Nikashusha boksi, nikafungua. Ndani hapakuwa na vipande kama vile vya kikombeni. Palikuwa na matawi ya plastiki, marefu, membamba, na kila kipande kimening'inia kwenye tawi lake. Mlango, gurudumu, usukani mdogo kama kifungo. Hata sikufikiri. Mikono yangu ilikuwa imeshaona kitu inachokijua. Nilikaa na ungo nikapukuchua kamyo.

Nilifanya vizuri! Hilo lazima niseme. Hakuna kipande nilichokivunja. Nilivipukuchua vyote, nikavisugua kwa mswaki, nikavianika, nikavipanga kwenye ungo kama Nkambo alivyonifundisha: vya mviringo na vya mviringo, virefu na virefu, vidogo sana peke yao. Matawi yakabaki, matupu, na maganda yanakwenda wapi? Kwenye moto. Nikayakunja, nikayatia kwenye mbabula chini ya sufuria ya Nkambo.

Moshi uliotoka ulikuwa mweusi kama bibi harusi wa shetani. Masizi yakaelea kama vipepeo, yakatua kwenye maharagwe. Nkambo akatoka na mwiko.

"Unachoma nini pale? Unachoma nini, weye mutoto?"

"Maganda, Nkambo."

"Maganda ya nini yenye kunuka vile?"

Jirani naye aliuona moshi kutoka juu ya paa. Akashuka, akaja, suruali imejaa kutu. Mimi nikainua ungo kwa mikono miwili, na tabasamu langu lote.

"Papa, angalia! Nilisha maliza yote. Iko safi."

Akaangalia ungo. Akaangalia mbabula. Akauliza kwa sauti ndogo:

"Matawi iko wapi?"

"Nilichoma."

Akakaa kwenye kibao chetu. Baadaye akatia mkono ndani ya boksi, akatoa karatasi ya plani, akaifungua kwenye magoti yake. Kila kipande kilichochorwa kilikuwa na namba. Akanieleza polepole, bila kupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza: namba hazikuandikwa kwenye vipande. Ziliandikwa kwenye matawi, karibu na kila kipande. Kwa hiyo anayeunga anakata kimoja, anakiunga, anarudi kukata kingine. Vilikuwa zaidi ya mia moja. Sasa vyote vilikuwa kwenye ungo, vimepangwa kwa ukubwa, na vingi ni vidogo kuliko punje ya mchele, na hakuna aliyejua kipi ni kipi.

"Na boksi ni ya mwisho," akasema. Hakuniambia mimi. Aliliambia boksi.

Akaenda kwake. Ungo ukabaki.

Nkambo hakunipiga. Alitupa maharagwe yote ya masizi, akaosha sufuria, akapika mengine, na wakati tunakula akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba chumvi: "Kule kwa jirani ilisha kwisha." Nililia nimejifunika, na kilichoniliza hakikuwa kamyo. Ilikuwa ile meza. Nilikuwa na mahali pangu duniani, upande wa kushoto, karibu na bakuli, nami nilikuwa nimepachoma mwenyewe.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, sikutoka. Nilikaa nyuma ya nyumba na samaki. Nikasikia hodi. Nikasikia sauti yake.

"Mama, nakuya kutafuta fundi wangu."

"Fundi gani?" Nkambo akajibu. "Yule aliharibu kintu yako. Hapana, Papa. Nilimwambia, siku weye utalalamika, ni mwisho. Mie sina maneno mbili."

"Mama, mie sikulalamika."

"Sura yako ililalamika."

Jirani akacheka kidogo. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Mama, fikiri. Ule ungo, nani aliupanga? Ni yeye. Muntu aliharibu, njo yeye anajua bintu biko wapi. Ukimufukuza, nani atanisaidia kutengeneza?"

Nilihesabu samaki, nikasahau, nikahesabu tena. Halafu Nkambo akaita jina langu, na jinsi alivyoliita nilijua niende na ungo.

Basi sasa njooni kwenye sehemu nzuri. Tulitandaza gazeti, tukaweka ungo katikati, tukafungua plani. Jirani alikuwa mtu wa plani. Maisha yake yote alichora mistari, na mstari ukipotoka unene wa unywele alianza upya. Siku ile aliinua vipande viwili, akaviangalia, akaangalia karatasi, akaviweka chini. Saa nzima ikapita. Tulikuwa tumepata magurudumu na milango, kitu ambacho hata mbuzi angepata.

Dereva wa nyumba ya tatu akapita.

"Hee! Leo Papa anapika maharagwe?"

"Ni kamyo," nikasema. Nilikuwa na hasira. "Nilipukuchua."

Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Kisha akainama kuona, macho yakabadilika. Akachukua kijiti kidogo, akakishika kwenye mwanga kwa vidole vyake vinene. "Mbona hii ni fimbo ya gia? Papa, hii ni fimbo ya gia! Mie ninaishika kila siku, siwezi kukosa kuijua." Akavuta kibao, akakaa, na kibao kikalia.

Jumapili iliyofuata alikuja na fundi makanika wa mtaa wa nyuma. Huyu alijua chini ya kamyo kama mnavyojua njia ya chooni. Kipande kama mfupa wa kuku: "Hii ni mhimili wa nyuma." Kitu kama mbegu ya pilipili: "Chujio ya mafuta." Naye makanika akaja na mchomeleaji wa karakana, kwa kuwa mambo ya shasi, alisema, yeye hawezi kuyaapia. Ikawa kila Jumapili, watu wale wale waliocheka, wamezunguka meza, wanagombana.

"Hii ni bomba ya moshi."

"Bomba ya moshi gani yenye kupinda vile? Weye ulipata permis ya kuendesha wapi?"

"Kwa baba yako niliipata."

"Basi alikuuzia ya baiskeli."

Na mimi katikati yao, na sindano. Kwa maana wao vidole vyao vilikuwa vya nyundo. Walijua kitu ni nini, lakini kukishika hawakuweza. Dereva alijaribu kuunga usukani, ukabaki umeganda kwenye kidole gumba, akazunguka nao baraza nzima akiendesha na kupiga honi kwa mdomo. Kila walipokubaliana, wote walinigeukia. "Fundi, unga." Mimi, mtoto wa kike wa miaka kumi na moja, na wanaume wa karakana wanazuia pumzi wasinipeperushie kipande.

Nkambo alikaa barazani kwetu, kisogo ametugeuzia, anasikiliza kila neno. Alituma munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye jagi, akasema ni kwa sababu kelele zao zinakausha koo lake.

Mwishoni vikabaki vipande viwili, vyembamba, kama kucha za mtoto. Hakuna aliyevijua. Makanika akasema ni vya ziada. Dereva akaapa kwamba katika kamyo yake hakuna kitu kama hicho. Mchomeleaji akasema tuvitupe. Nikaona jirani anatazama plani na jasho linamtoka, maana kubakiza vipande viwili kwake kulikuwa kama kwenda misani bila suruali.

Nkambo akainuka. Akaja, akapanguza mkono kwenye kitenge chake, akanyoosha kiganja. Nikamwekea. Aliviangalia mara moja tu.

"Ninyi wanaume," akasema. "Kila siku munaingia na mulango ya mbele, munakaa kwenye kiti. Hii ni mahali ya kutia muguu. Iko nyuma, karibu na gurudumu, moya huku, moya huku. Mie nimepanda kwa hii na kikapu ya samaki kwenye kichwa na muimba ndani ya tumbo. Shofeli hajui, sababu hapandake pale."

Dereva akaenda mpaka kwenye karakana kuangalia kamyo yake mwenyewe, kwa miguu, juani. Aliporudi alisema kutoka mbali, "Iko! Mama, iko!" Mtaa ukapiga vigelegele. Na Nkambo, ambaye hakuwahi kugusa meza ile, alikaa kwenye kibao cha dereva, akanitazama naunga vikanyagio vyake viwili, akinisahihisha: "Chini kidogo. Chini. Hapo."

Kamyo haikufanana na picha ya boksi, niseme ukweli. Gurudumu la akiba, ambalo kwenye picha lilikuwa chini ya shasi, sisi tuliliweka juu ya kichwa cha kamyo, kwa sababu wote watatu walisema la chini litaibwa kabla ya kufika daraja la kwanza. Bomba la moshi liliangalia juu. Jirani aliona, akashika plani atusahihishe. Kisha akaikunja ile plani mara nne akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo sikumwona akiitazama tena.

Mnajua desturi ya kwetu: mtu akipata gari, lazima alinyweshe, wenzake wanywe naye, tone limwagwe kwenye magurudumu. Dereva alidai haki hiyo. Tukaifanya. Nkambo alileta munkoyo, mimi nikachukua kifuniko cha chupa nikamwaga kwenye gurudumu moja moja, na mafundi wakasimama wima kama wako mbele ya bendera. Dereva akaomba funguo. Jirani akamwambia gari ni ya fundi, amwombe fundi. Akapiga goti mbele yangu, tumbo na vyote. Nikamnyima.

Sasa mambo hayo yako wapi? Siren hailii tena kama zamani. Mtaa ule nilipita juzi kwenye matanga. Baraza la jirani limejengewa ukuta, ndani wanauza kadi za simu. Nkambo alikufa mzee, amechoka, bila deni la maneno na mtu. Jirani aliondoka Likasi katika ile miaka mibaya, pamoja na wengi wenye asili ya Kasai waliofukuzwa, wakakaa siku nyingi stesheni wakingoja treni. Nilikwenda kumwona pale na chakula. Mizigo yake mingi ilikuwa imepotea. Kamyo ilikuwa magotini, ndani ya boksi la maziwa. Alitaka kunirudishia, nikakataa, kwa sababu mtu anayesafiri ndiye anayehitaji gari. Alicheka. Sikumwona tena, wala barua haikuja.

Siwalilii. Nilikuwa na Jumapili ambazo watu wengi wenye fedha hawakuzipata. Lakini naona jambo moja siku hizi, na ndilo lililonitia kalamu mkononi. Mtu akiharibu kitu, anazima simu, anapotea. Na wenye kitu nao wanafurahi apotee, wapate kumsengenya vizuri.

Wiki iliyopita mke wa mwanangu aliunguza kitenge changu cha harusi kwa pasi. Alama ya pasi, nyeusi, katikati kabisa. Akakimbilia kwa mama yake, siku mbili hakuonekana, na ninyi nyumbani mlikaa mkinong'ona nitamfanya nini. Nilituma mtu amwite. Alipoingia, macho chini, nilimsogezea kiti karibu na changu, nikampa mkasi, nikaweka kitenge mezani, na mbele yenu wote nikatoa amri, naiandika hapa kama nilivyoisema, asije mtu akasema hakusikia:

"Mu hii nyumba, mwenye kuharibu kintu asikimbie, na muntu asimufukuze. Akae hapa kwenye meza, tutengeneze pamoya. Ikikataa kutengenezeka, akae vile vile. Tutakula naye bukari."